Glasi ya Kuonja

Wageni walisema saa tano. Mkazi yeyote wa Dar es Salaam akiambiwa saa tano ya shughuli hujua afanye nini nayo, lakini Kokuberwa siku hiyo aliishika kama ilivyo. Saa nne na nusu pilau ilikuwa imeshafunikwa, ndizi na nyama zimekaa kwenye hotipoti, kreti mbili za soda zimepangwa ukumbini, na vitambaa vya makochi vimenyooshwa kwa mara ya nne. Barua ya posa ya Clara, binti yao wa pekee, ilikuwa inaletwa kutoka Boko, na mama yake alikuwa ameapa kwamba watu wa Boko hawataondoka Chanika na la kusema.

Mumewe, Mwalimu Adelard, alikaa kibarazani amevaa suti ya kahawia, mikono juu ya magoti, tayari kwa kupigwa picha. Alikuwa amestaafu kufundisha jiografia, na tangu astaafu alibaki na kazi mbili za kila siku: kumwagilia migomba yake nyuma ya nyumba, na kumeza kidonge cha ugonjwa wa sukari saa moja asubuhi. Migomba ilikuwa haijamwagiliwa kwa sababu ya suti. Kidonge kilikuwa kimeshamezwa.

"Mama Clara," aliita, "nipe hata ndizi mbili nishikilie roho."

"Ndizi za wageni, Mwalimu? Wakikuta hotipoti imechotwa watasema tumewawekea makombo."

"Basi chai na mkate."

"Mkate wameumaliza wapishi. Na saa tano hiyo, wako njiani. Utakula nao, kama mwenyeji."

Mwalimu hakubisha. Yeye mwenyewe alilelewa hivyo, kwamba mwenye nyumba hatangulii kula siku anayojiwa na watu wanaoomba binti yake. Usiku wa jana pia alikula matonge mawili tu, kwa furaha. Akanyoosha tai yake, akaendelea kutazama barabara ya vumbi.

Alikuwa mtu wa kiasi, tena kiasi chake alikitangaza. Glasi moja baada ya chakula cha usiku, rubisi ya ndizi ikipatikana, divai ikikosekana rubisi. Ya pili hakuna aliyewahi kuiona mkononi mwake kwa miaka thelathini. Ndani ya mlango wa kabati alikuwa amebandika kipande cha gazeti kilichogeuka manjano, kilichosema kwamba glasi moja kwa siku huimarisha moyo. Aliyemtania kuhusu pombe alifunguliwa kabati asome mwenyewe.

Nesi wa kliniki ya kisukari alikuwa amemwambia habari nyingine miezi miwili iliyopita. Alimwambia kwamba hiyo faida ya moyo siku hizi hata madaktari wanaitilia shaka, na kwamba kwa anayemeza dawa kama yake, pombe hata kidogo, tumbo likiwa tupu, inaweza kuishusha sukari mpaka mtu akaanguka. "Kama huwezi kuacha, Mwalimu, basi kula kwanza. Na waambie wa nyumbani." Mwalimu alirudi akamwambia mkewe, "Nesi kasema kidogo hakina neno." Wanaume wengi wakipewa ujumbe mrefu hospitali hufikisha nyumbani kile kipande walichokipenda, na Mwalimu, pamoja na ualimu wake wote, hakuwa tofauti nao.

Kwa hiyo katika nyumba ile kila mtu alijua kwamba sukari hupanda. Chai yake haikutiwa sukari, keki alipitishiwa mbali, soda ilikuwa haramu. Kwamba sukari hushuka pia, tena kwa ubaya zaidi, hilo lilibaki kichwani mwake peke yake.

Wageni waliingia saa nane kasorobo, watu watano, wakilaumu foleni. Aliyetangulia alikuwa mzee Gozbert, mshenga, mjomba wa kijana anayeoa, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa. Nyuma yake alikuja Marietha, mama wa kijana, mwembamba, amevaa kitenge kipya kilichokuwa bado na gundi ya dukani. Kijana mwenyewe, Brightson, hakuja. Siku ya barua ni ya wakubwa.

"Karibuni jamani, karibuni sana," Kokuberwa alisema, akipokea mikono yote kwa mikono yake miwili. "Poleni na njia. Tulishaanza kuogopa."

"Mama, hii Chanika yenu si Dar, ni mkoa mwingine," alisema mzee Gozbert, na watu wakacheka.

Pande zote mbili walikuwa Wahaya, na kwa ajili hiyo Kokuberwa alikuwa ameagiza rubisi, pombe ya ndizi, kutoka kwa mama mmoja wa Muleba aliyeipika huko huko Chanika. Kwa Wahaya kinywaji hakimfikii mgeni mpaka mwenyeji akionje mbele ya macho yake, ijulikane kwamba hakina ubaya. Kuonja ni funda moja. Mwalimu alimiminiwa glasi, akapiga funda, akairudisha mezani.

"Aa, baba!" mzee Gozbert alipiga paja. "Huko ndiko kuonja? Hata kuku ananywa zaidi ya hapo. Au kuna kitu humu unatuficha?"

Sebule nzima ikacheka. Ulikuwa utani wa wakwe, hauna kinyongo, na kuukataa ni kujitia ugumu siku ya furaha. Mwalimu naye akacheka. Alizitazama hotipoti zilizofunikwa mezani, kwa maana chakula kilikuwa hakifunguliwi mpaka barua isomwe na maneno yaishe. Kisha akainua glasi akaimaliza yote.

"Huyo sasa ndiye mkwe!" mzee Gozbert alisema, naye akamiminiwa yake.

Barua ilisomwa, ikajibiwa, ikasomwa tena kwa sababu bibi mmoja hakusikia vizuri. Mzee Gozbert alikuwa katikati ya kueleza ukoo wao, amefika kwa babu wa tatu, Mwalimu alipoanza kutoka jasho. Lilimteremka mashavuni mpaka kwenye kola ya shati. Mikono ilikuwa inatetemeka, akaificha chini ya meza.

"Stephano," alisema ghafla, "funga hilo dirisha."

Hapakuwa na Stephano mle ndani. Stephano alikuwa kaka yake, aliyefariki zamani.

"Mimi Gozbert, baba."

"Nimesema funga dirisha! Unanibishia nyumbani kwangu?" Ulimi ulikuwa mzito, maneno yanagongana. Akasimama, akapepesuka, akalishika jagi asianguke, na rubisi yote ikamwagikia kitenge kipya cha Marietha.

Mgeni mmoja wa nyuma alicheka puani akajifanya anakohoa. Marietha alijifuta taratibu kwa kiganja, akisema, "Haina neno, haina neno," na ule upole wake ndio uliomchoma Kokuberwa kuliko kama angegomba. Alisikia uso unawaka. Miaka yote ya kumsifu mumewe kanisani na kwenye vikoba kwamba ni mtu wa glasi moja, na leo, mbele ya watu wa Boko, ndiyo anamvua nguo namna hii.

"Mnisamehe jamani, Mwalimu hakulala usiku," alisema. "Ngoja akajinyooshe kidogo."

Akamshika mkono, akamvuta chumbani, akamkalisha kitandani.

"Leo, Mwalimu? Leo ya Clara? Umekunywa ngapi huko barazani?"

"Moja."

"Moja! Moja ndiyo ya kumwita mtu jina la marehemu?"

"Nipe..." Mwalimu alisema. Alikuwa anamtazama kama mtu anayetafuta jina lake. "Nipe ile..."

Hakuimaliza. Clara alikuwa amewafuata, trei mkononi, macho yamemtoka. "Mama, ona anavyotetemeka. Nimpe hii soda anywe?"

"Soda! Baba yako ana kisukari, unataka kumuua? Amelewa huyu. Mwache alale, itamtoka. Rudi kwa wageni, na ucheke."

Mara mbili Mwalimu aliinuka, mara mbili akarudishwa kitandani. Mara ya tatu alikutwa mlangoni, shati limefunguka vifungo, anataka kwenda sebuleni. Kokuberwa alimrudisha, akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo kwa nje. Hakufanya hivyo kwa ukatili. Alifanya kama mtu anavyofunika sufuria iliyoungua ili harufu isiwafikie wageni.

Baada ya hapo mambo yakaenda vizuri. Chakula kikafunguliwa, pilau ikasifiwa, tarehe ya kuleta mahari ikapangwa. Saa kumi na moja wageni waliondoka wakiimba, na Kokuberwa aliwapungia mpaka gari lilipopinda kona, akashusha pumzi ya kwanza tangu asubuhi.

Mwajabu, jirani yake wa ukuta mmoja, mzaliwa wa Dar es Salaam, alikuwa jikoni uani tangu alfajiri. Pilau ilikuwa ya mkono wake. Yeye sebuleni hakuingia, kwa sababu ya ile pombe na kwa sababu ya moshi nguoni. Sasa alikuja mlangoni na sahani iliyofunikwa.

"Koku, hii ya Mwalimu nilimwekea pembeni, naona haijaguswa. Kala nini leo?"

"Mwache huko. Kanitia aibu, shoga yangu, sijui niweke wapi uso. Kalewa mbele za wakwe."

"Mwalimu? Mwalimu huyuhuyu wa glasi moja?"

"Ndiyo hizo moja zao."

Mwajabu aliitua sahani. "Hebu nimwone."

Walimkuta sakafuni, kati ya kitanda na mlango, amelala ubavu. Suti ilikuwa imelowa mgongo mzima. Alikuwa anakoroma kwa nguvu, na kwa dakika moja Kokuberwa alipata hata ahueni. "Si unaona? Usingizi wa pombe."

Mwajabu alipiga magoti akamshika paji la uso, kisha shingo. "Yarabi. Koku, huyu wa baridi. Amelowa na ni wa baridi. Marehemu mama yangu alikuwaga hivihivi sukari ikimshuka. Lete sukari!"

"Sukari? Kwa mtu wa kisukari?"

"Lete sukari, nakwambia!"

Clara ndiye aliyekimbia kuileta. Mwajabu alimpaka Mwalimu ndani ya shavu kwa kidole, akimwita kwa jina lake kamili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na mitano ya ujirani. Sukari ilichuruzika na mate ikaishia kwenye zulia.

Hospitali walimtoboa kidole. Daktari, kijana mdogo, alitazama mashine, akaitikisa, akapima tena. Kisha akaita watu, na mambo yakaenda mbio, dripu, sindano, mpira wa hewa. Ilipotulia alimgeukia Kokuberwa na kalamu.

"Amekunywa?"

"Glasi moja."

"Mama, nataka ukweli."

"Glasi moja, baba. Ya kuonja."

Daktari aliandika. Hiyo moja alikuwa akiambiwa kila Jumamosi na watu wanaotapika kreti nzima. Baadaye nesi mmoja, akipita na mashuka, alimwambia mwenzake, "Yule mlevi wa kitanda cha sita abadilishiwe," na Kokuberwa, aliyekaa hatua mbili kutoka hapo, alisikia. Alitaka kusema yule si mlevi, ni mwalimu, amefundisha watoto wa watu miaka thelathini na nne. Lakini neno lile alikuwa amelisema yeye kwanza, na aliona hana haki ya kumnyang'anya mwingine.

Sukari ilipanda ikafika panapotakiwa. Mwalimu hakuamka. Asubuhi ya Jumapili daktari aliwakalisha kwenye benchi, Kokuberwa na Clara, akaongea polepole, safari hii kwa adabu, kwa sababu alikuwa amepata faili la kliniki na kulisoma.

"Hakuwa amelewa. Kile kidonge kinashusha sukari, na hakula. Mwili ukikosa chakula, ini ndilo linaloachia akiba ya sukari. Sasa pombe ikiingia, ini linashughulika na pombe, haliachii. Mtu anatoka jasho, anatetemeka, anaongea ovyo, anakuwa mkali. Anafanana kabisa na mlevi, na mdomo unanuka. Wengi wanakosea. Ubongo ndio unaoumia. Amekaa muda gani katika hali ile?"

Kokuberwa alihesabu kimoyomoyo. "Saa mbili. Karibu tatu."

"Angepewa kitu cha sukari mapema," daktari alisema, akitazama faili. "Hata soda nusu chupa."

Clara aliinuka kwenye benchi akaenda kusimama dirishani. Tangu hapo hakumsemesha mama yake. Alimletea chai, alimtandikia kanga sakafuni alale, alipokea simu kwa niaba yake, yote hayo bila neno kwake, na Kokuberwa hakumlazimisha. Mwalimu Adelard alifariki Jumatano, saa sita mchana, watu wakiwa wanagawiwa chakula wodini.

Turubai lilifungwa mbele ya nyumba, viti vikakodiwa, na maneno yakaanza. Wanawake waliokuwa wanachambua mchele waliulizana kwa sauti ya chini kama ni kweli alianguka akiwa ameshika jagi. Wanaume, chini ya turubai, walijadili kwa sauti ya kawaida.

"Moja haina tatizo. Inasafisha mishipa. Hata madaktari wanakunywa."

"Mbona haikumsafisha Mwalimu?"

"Yule hakunywa moja, braza. Moja hailazi mtu."

Watu wa Boko walikuja Alhamisi. Mzee Gozbert aliingia ndani analia kama mtoto, akapiga magoti mbele ya mkeka wa Kokuberwa. "Mama, mie ndiye niliyemcheka. Alionja vizuri kabisa, mie nikamcheka."

"Hukujua, baba."

"Nilimfananisha na kuku."

"Hukujua," Kokuberwa alirudia, na ilimshangaza jinsi ilivyo rahisi kumsamehe mtu mwingine.

Marietha alikaa naye mkekani muda mrefu. Mwishowe alimshika goti. "Mama Clara, hivi na angekuwa amelewa kweli, mlidhani tungefanya nini?"

Kokuberwa alivuta kanga juu ya magoti yake.

"Kwetu nani hanywi? Tungemnawisha uso, tungecheka, tungekula. Mie kitenge nilishakisahau kabla sijafika nyumbani."

Alisema hivyo kwa kumfariji. Kokuberwa aliinamisha kichwa, na kilio alichokuwa amekizuia tangu hospitali kikamtoka kwa sauti moja ndefu, mpaka Mwajabu akaja mbio kutoka uani na mikono yenye unga.

Mwili ulikuwa usafirishwe kwenda kwao Muleba Ijumaa, na kabla ya gari kuondoka palikuwa na misa fupi na kusomwa wasifu wa marehemu. Mwenyekiti wa jumuiya, Marselino, alikuja na karatasi yake mapema. Kila kitu kilikuwa kimejazwa, kuzaliwa, ubatizo, shule alizofundisha. Pengo lilikuwa moja.

"Mama Clara, hapa kwenye chanzo cha kifo. Tumeshauriana na wazee tuandike presha. Presha haina maneno."

"Hakuwa na presha."

"Basi tuandike aliugua ghafla. Mama, watu wanaongea, unajua. Sie tunataka kukusitiri."

"Mnanisitiri mie," Kokuberwa alisema. "Yeye anasitiriwa na nani?"

Aliichukua ile karatasi, na saa ilipofika alisimama mwenyewe mbele ya jeneza, jambo ambalo wajane hawalifanyi. Alisoma kuzaliwa, akasoma ubatizo, akasoma shule zote saba. Kwenye pengo alishusha karatasi.

"Mume wangu hakuwa mlevi. Alikunywa glasi moja kwa heshima ya wageni wetu, na alikuwa na njaa kwa sababu aliniomba chakula nikamnyima. Sukari ikamshuka. Mie nikadhani kalewa, nikaona aibu, nikamfungia chumbani kwa ufunguo mpaka wageni walipoondoka. Nesi alimwambia, yeye hakuniambia, nami sikuuliza. Lakini mlango nilifunga mie. Mwenye kuongea aongee hilo."

Mzee mmoja alivua kofia, akaivaa tena. Kokuberwa alibaki amesimama, hajui akae wapi, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kunyamaziwa.

Clara, aliyekuwa amekaa kichwani mwa jeneza, aliinuka. Watu walidhani anakwenda kumtoa mama yake. Alisogea mpaka akawa bega kwa bega naye, lakini hakumshika, wala hakumtazama.

"Aligonga," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kusema kando ya mama yake tangu Jumapili, na sauti ilitoka imekauka. "Baba aligonga ule mlango. Mara tatu. Mama alikuwa uani, hakusikia. Mie nilikuwa ukumbini nimeshika trei ya soda, nikamsikia. Nikaenda kuwasha muziki."

Kokuberwa alinyoosha mkono kumzuia asiseme, lakini alikuwa ameshamaliza.